Mwanangu, kuhusu yule kinyozi wa Smart Money

Marahaba mwanangu. Meseji yako niliiona juzi usiku nikasema hii siijibu juu juu, ngoja nipate nafasi nikae. Umeuliza inakuwaje mtu kama Nick, yule kinyozi wa kwenye muvi ya Smart Money, anayesoma karata kama anasoma gazeti, akaingizwa mjini kirahisi vile, na mbona mwishoni anapelekwa jela huku anacheka, alafu ukamalizia "baba ile muvi unaipendea nini hasa".

Nianze na hilo la mwisho. Naipenda sababu ni ya kinyozi. Miaka yote niliyoshika mkasi hapa Tanga sijawahi kuona muvi inayoanzia kwenye kiti cha kunyolea, watu wamekaa wanangoja zamu na stori zinakwenda, na chumba cha nyuma ndo kuna meza ya kamari. Wewe umekulia kwenye saluni yangu unajua, kinyozi anasikia siri za mtaa mzima, anajua nani kagombana na mkewe na nani anadaiwa. Kwaiyo Nick kuwajua watu mimi hainishangazi.

Na kuna lingine, Edward G. Robinson, ambaye ndo Nick, na James Cagney hawakuwahi kuigiza pamoja kwenye muvi nyingine yoyote, ni hii tu ya 1931, wa studio ya Warner Bros. wote wawili. Mwaka huohuo Robinson ametoka na Little Caesar na Cagney ametoka na The Public Enemy, zote za majambazi na bastola, wakati humu bastola siyo habari kabisa, ni karata na kete na maneno tu. Hata Boris Karloff yumo, anapita kidogo tu, wakati Frankenstein, ile muvi yake ya zimwi, bado haijatoka.

Sasa kuliwa kwake. Angalia vizuri mwanangu, Nick hakushindwa karata. Wenzake wa mji mdogo walichangishana dola 10,000 aende akacheze na yule mkubwa anayeitwa Hickory Short, na 10,000 za wakati ule, uchumi wa Marekani umeanguka tangu 1929, ni hela za kutisha. Anafika hotelini anamkuta binti mrembo anauza sigara, akamwelekeza mchezo uko wapi, naye akaenda. Kumbe mtu aliyekaa mezani siyo Hickory Short, ni tapeli tu, Hickory mwenyewe yuko jela Florida! Nick aliangalia karata, uso wa yule binti hakuuangalia kwa jicho lile analowaangalia nalo wateja wake, sababu alimpenda. Ndo udhaifu wake mpaka mwisho, akimpenda mtu macho yake yanafunga kazi.

Na mimi nawafikiria sana wale waliochanga. Hujui hili, ulikuwa mdogo, mwaka ule vinyozi wa mtaa wetu tulichanga hela za jenereta nikapewa mimi nikanunue, nikampa mtu niliyemuamini, akapotea nazo. Sikucheza kamari hata shilingi lakini kurudi nikakuta wenzangu wamekaa kwenye benchi wananiangalia mikono, wanatafuta risiti, mpaka leo lile benchi naliona. Nililipa kidogokidogo karibu miaka miwili. Kwaiyo Nick akipigwa na wale wahuni mimi siumii kwa ajili ya kipigo, nawaza atawaambia nini nyumbani.

Alafu kuna kitu sitakuficha kinachoniudhi kila nikiiangalia. Nick ana tabia ya kumpapasa kichwa yule mtu mweusi, Snake Eyes, eti apate bahati. Kichwa cha mtu mwanangu! Mimi nimeshika vichwa vya wazee, vya watoto, vya marehemu nimenyoa pia, na kila kimoja nimekishika kwa adabu, sasa kinyozi mwenzangu anakifanya hirizi. Hollywood ya wakati ule ilikuwa hivyo na haikuona aibu, ukiitazama na wanao waambie ukweli huo.

Kuhusu jela na kicheko. Nick akishajipanga akarudi akawala waliomla, akawa bosi wa kamari mjini, polisi na mwendesha mashtaka wanamuwinda hawampati. Mwaka huohuo 1931 jimbo la Nevada lilihalalisha kamari, mwezi wa tatu, ila kwenye mji wa Nick bado ni kosa. Ndo wakamtumia Irene, yule binti aliyeopolewa majini Nick akamhifadhi, wakambana achague, jela au amuuze Nick. Akatumbukiza karatasi ya mbio za farasi kwenye mfuko wa koti la Nick, iwe ushahidi wa kamari. Jack, ambaye ni Cagney, akaona, akamwambia rafiki yake ukweli, Nick kwa hasira akamtandika, Jack akaanguka na hakuamka tena. Kwaiyo hakufungwa kwa kamari, amefungwa miaka kumi kwa kumuua bila kukusudia mtu pekee aliyekuwa anamwambia ukweli, na yule aliyemuuza amemsamehe.

Ukaniambia anacheka pale anapopanda treni, anaweka dau kwamba baada ya miaka mitano atakuwa nje. Mimi ile sioni furaha hata kidogo. Huyo ni mtu asiyejua kuongea lugha nyingine, hata huzuni yake lazima aiwekee dau, na Jack ambaye angemwambia "nyamaza Nick" hayupo.

Ukija Desemba tuitazame tena wote, tuisimamishe pale kabla ngumi haijaruka, umwangalie Cagney usoni.

Baba yako