Programu ya mimba haitaji SP, niache?

Mdogo wangu wa Ngamiani, hongera kwa mimba. Unasema umeacha vidonge vya SP vya kliniki, vile vya kuzuia malaria, kwa sababu programu ya simu haivitaji popote. Usiviache! Programu nyingi za aina hiyo zimeandikwa Ulaya au Marekani, ambako malaria si tishio la kila siku. Tanga mbu tunao. Ndiyo maana kliniki hutoa SP kuanzia wiki ya 13, dozi zikipishana angalau mwezi mmoja. (Kama unatumia antibiotiki ya Septrin, mwambie nesi kwanza, maana hivyo viwili havichanganywi.)

Tazama pia nani kaiandika programu yako na kama inauza virutubisho. Ikiuza, mimi ningeifuta. Tarehe ya kujifungua inayokupa ni makisio: inahesabu siku 280 tangu hedhi ya mwisho, kana kwamba kila mwanamke mzunguko wake ni wa siku 28. Zile picha za mtoto mkubwa kama parachichi, haya, zifurahie.

Ila ukitokwa damu, kichwa kikigonga huku macho yanaona ukungu, au mtoto akiacha kucheza, usiulize simu. Nenda hospitali ya Bombo, hata usiku, na kadi yako ya kliniki.