Je, kimbunga kinaweza kufika Goma?

Swali: Mimi ninauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, hapa Kituku, ufukweni Goma. Juzi upepo uling'oa mabati ya jirani yangu wa Birere, bati moja tukalikuta limejikunja kwenye mti kama chapati. Watu wanasema ni kimbunga kama kile cha Beira. Je, ni kweli kinaweza kutufikia?

Jibu: Pole sana, Mama, na umpe pole jirani yako. Upepo ule ulikuwa mkali, lakini kimbunga cha baharini haukuwa.

Kimbunga hula joto la bahari. Kinataka maji ya nyuzi 26 na nusu au zaidi, na joto hilo lifike mita 50 hivi chini, maana upepo wenyewe huvuruga maji na kuibua yaliyo baridi. Idai, kimbunga kile cha Beira, ilishiba katika Mlango wa bahari wa Msumbiji, ikatua karibu na Beira usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019. Kikishapanda nchi kavu, kimbunga hukosa chakula na kudhoofika. Kutoka Bahari ya Hindi hadi kwetu ni zaidi ya kilomita elfu moja, tena za milima. Ziwa Kivu nalo haliwezi kukilea: urefu wake ni kilomita 90 hivi, na kimbunga kimoja hutanda mamia ya kilomita.

Lakini joto peke yake halitoshi. Bahari ya ikweta ina maji moto mwaka mzima, na bado vimbunga ni nadra sana kuzaliwa ndani ya nyuzi 5 za latitudo kutoka ikweta. Hewa hukimbilia mahali penye mgandamizo mdogo. Mbali na ikweta, mzunguko wa dunia huipinda njiani, ikaanza kuzunguka. Kwenye ikweta haipindwi: huingia moja kwa moja na kuziba pengo, kama maji yanavyojaza alama ya kisigino pale ufukweni. Goma haifiki hata nyuzi 2 kusini. Taifuni (kimbunga cha Asia) Vamei, ya Desemba 2001 karibu na Singapore, ilizuka kwenye nyuzi 1 na nusu hivi, na ndiyo maana wataalamu wanaitaja hadi leo. Lubumbashi, kwenye nyuzi 11 na zaidi, mzunguko inao. Bahari ndiyo haina.

Kuna na pwani zinazoponea sababu nyingine. Peru na kaskazini ya Chile huoshwa na mkondo wa maji baridi. Brazili hulindwa na pepo za juu zinazokata kichwa cha dhoruba kabla haijasimama, ingawa Machi 2004 kimbunga Catarina kilipenya.

Sasa upepo wenu. Wingu la radi likikomaa, mvua huivuta hewa baridi kushuka nayo kwa nguvu. Ikigonga chini, hutawanyika pande zote. Unaijua: ghafla baridi shingoni, vumbi jeusi la lava machoni, kisha matone makubwa. Kimbunga kingevuma saa nyingi. Huu mara nyingi hauzidi nusu saa, ila unatosha kupindua mtumbwi. Waambie wavuvi wako, wakiona wingu jeusi na kuhisi baridi hiyo, waelekee ufuko ulio karibu, hata kama si wa Kituku. Na jirani akiezeka upya, mabati ya ukingoni ayapigilie misumari ya karibukaribu, kwani upepo huanzia hapo kufunua.