Kabla hujampokea kijana karakanani, piga hesabu ya miezi minne

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, karakana za Nkuhungu, Chang'ombe na Kizota hapa Dodoma hupata wageni wa aina moja. Mzee ameongozana na kijana, wanasimama kivulini wakisubiri grinda inyamaze, kisha mzee anasema: "Fundi, nimekuletea huyu. Mfundishe kazi." Mafundi wengi hukubali papo hapo. Wanaona haya kumkatalia mzee wa watu, na kichwani wameshapiga hesabu ya haraka kwamba wamepata mikono miwili bila mshahara.

Kuona haya si tatizo. Ile hesabu ndiyo mbaya.

Tuchukue karakana ya kuchomelea, maana ndiyo kazi iliyojaa Dodoma tangu Serikali ilipoanza kuhamia mwaka 2016 na nyumba kuanza kuota Iyumbu, Nzuguni na Ihumwa, kila moja ikitaka geti na grili za madirisha. Kijana asiye na chochote lazima afike na lazima ale. Tuseme nauli na chakula ni shilingi 4,000 kwa siku. Kwa siku 26 hiyo ni 104,000 kwa mwezi, na kwa miezi minne ni 416,000. Weka na rodi za kuchomelea za mazoezi: tano kwa siku, kwa siku 24, ni rodi 120, karibu pakiti nzima ya kilo mbili na nusu ya zile za milimita 2.5. Weka umeme wa LUKU. Weka diski za kukatia, maana mwanafunzi huipindisha ile nyembamba ya milimita moja ndani ya mkato na inapasuka ikiwa bado mpya. Halafu weka muda wako: nusu saa ya kumwelekeza asubuhi, na nyingine ya kurekebisha alichokifanya.

Faida huanza kuonekana mwezi wa tano, na haiji kwa sura uliyoitegemea. Kijana bado hajui kutengeneza geti. Lakini anakata vipande ishirini vya grili vikalingana, anasaga maungio, anapiga msasa na kupaka redoksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu. Wewe unapata nafasi ya kutoka kwenda kupima kazi kwa mteja bila kufunga karakana. Kwa fundi wa peke yake hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote, maana kazi nyingi hupotea kwa sababu mteja alipiga simu ukiwa umevaa barakoa ya kuchomelea. Mwezi wa tisa au wa kumi anakuwa anatoa grili ya kawaida mwenyewe, na hapo fedha yako inaanza kurudi.

Kwa hiyo swali la kujiuliza mzee akiwa amesimama pale kivulini ni hili: huyu kijana atafika mwezi wa kumi na nane akiwa bado hapa? Kama hatafika, umemsomesha kwa ajili ya fundi mwingine.

Kitu cha kwanza kinachomwondoa, Dodoma hii, ni mvua. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia kama Desemba mpaka Aprili. Kijana wa Bahi, Kongwa au Mpwapwa ataitwa nyumbani kulima na kupalilia. Ukimkataza ataondoka bila kuaga, na huwezi kumlaumu, kwa sababu mtama na uwele wa mwaka mzima uko kwenye wiki hizo chache. Kama unaweza kuchagua, mpokee Juni, mavuno yakiwa ndani: unapata miezi sita mfululizo kabla ya jembe kumwita. Ukimpokea Januari kwa sababu matokeo ndiyo yametoka, mkubaliane mapema ni wiki ngapi atakwenda shamba na atarudi tarehe ngapi, na posho ya siku hizo haipo. Kwa mwendo huo atarudi.

Kitu cha pili ni kutumwa. Kijana anakuja kujifunza, wiki ya sita bado anafuata chai, anafagia vumbi la chuma na kushika nguzo upande wa pili. Anaanza kuhesabu siku. Kufagia ni sehemu ya kazi, sawa, lakini kila wiki awe na kitu kimoja kipya ambacho Jumamosi unakikagua. Utaratibu unaofanya kazi ni huu.

Wiki mbili za kwanza ni futi ya kupimia, skwea ya kupimia pembe na chaki tu. Mafundi wengi huruka hapa kwa sababu kupima kunaonekana rahisi, na hapa ndipo chuma kingi kinapotea kuliko kwenye kuchomelea. Chukua fremu ya grili ya mita 1.5 kwa 1.2. Mzunguko wake ni mita 5.4. Skwea paipu utakayouziwa dukani huitwa ya mita sita, lakini ukiipima mara nyingi ni 5.8, kwa hiyo fremu inatoka kwenye paipu moja na kinabaki kipande cha sentimita 40. Sasa kijana anaona ndoano ya futi inachezacheza, anaamua kuanzia kwenye sentimita 10 ili apate kipimo safi. Wazo zuri. Anakwenda mpaka 120, anachora mstari, anakata. Amesahau kuongeza ile 10, na kipande kimetoka na mita 1.1. Masalia nayo ni sentimita 50, hayawezi kutoa kipande kingine cha mita 1.2. Kosa la sentimita kumi limekula paipu nzima, au linakulazimisha kuunga katikati ya fremu, na mteja wa Dodoma siku hizi anaona kiungo hata ukikisaga namna gani.

Dawa yake haina gharama. Miezi mitatu ya mwanzo hakuna kukata bila mtu wa pili kupima, hata kama mtu wa pili ni wewe na una haraka. Vipande virefu vikatwe kwanza, kwa sababu kirefu kikikosewa bado kinaweza kuwa kifupi. Orodha ya vipande iandikwe kwa chaki sakafuni, kila kilichokatwa kifutwe. Na fremu ikishashikizwa pembe nne, apime kona kwa kona pande zote mbili kabla ya kuchomelea moja kwa moja: vipimo vikilingana iko sawa, visipolingana anagonga kona iliyo ndefu mpaka vilingane. Akishachomelea kabisa, hakuna kugonga tena, ni kukata.

Wiki ya tatu mpe rodi. Aanze na vipande chakavu vya flati ba vyenye unene wa milimita tatu au nne, asianze na skwea paipu. Paipu za grili nyingi zina ukuta wa milimita 1.2, na mwanafunzi atazitoboa zote. Kwa rodi ya 2.5 kwenye flati ba aweke mashine kwenye ampia 75 hadi 85, ajifunze kuwasha bila rodi kunata, kisha kuburuta mstari wa sentimita kumi ulionyooka. Aligonge gamba linalobaki juu ya mstari na aoneshe. Mstari mwembamba uliokaa juu kama kamba maana yake moto mdogo au mkono una haraka. Uliojaa mashimo mara nyingi ni rodi yenye unyevu au chuma chenye kutu na rangi. Uliozama pembeni na kuacha mfereji maana yake moto mwingi. Akiweza kusoma mstari wake mwenyewe, hutamsimamia kila dakika. Ndipo ahamie kwenye paipu, ampia zishuke karibu na 60, achomelee kwa nukta nukta badala ya kuburuta.

Rangi afundishwe mapema, na afundishwe na saa yake. Kuanzia Juni mpaka Septemba upepo wetu unaanza asubuhi ikishakolea na unabeba vumbi jekundu. Geti lililopakwa saa tano litakauka likiwa na ngozi ya msasa. Apake alfajiri au apake ndani.

Usalama hauna ratiba ya wiki, unaanza siku aliyoingia. Miwani ya jua si kinga ya moto wa kuchomelea. Kioo cha namba 10 au 11 ndicho kinachofaa kwa rodi hizi. Tatizo ni kwamba macho hayaumi palepale. Yanaanza usiku, saa kadhaa baadaye, kama yamejaa mchanga, na nyumbani watamwekea viazi na vitu vingine. Aende zahanati, asitiwe kitu machoni. Grinda isiondolewe kinga hata kama inazuia kufika kwenye kona, na asifunge diski kubwa ya grinda ya inchi 9 kwenye grinda ndogo: ndogo inazunguka kwa kasi ambayo diski kubwa haikutengenezewa, ikipasuka inamfuata usoni. Mabati na paipu za zinki zikichomwa hutoa moshi unaoleta homa na kutetemeka jioni. Maziwa hayazuii, kinachosaidia ni kusaga zinki sehemu ya kuungia na kukaa upande upepo unakotoka. Nguo ziwe za pamba, nailoni inayeyukia kwenye ngozi. Na pipa lililowahi kubeba petroli au dizeli asiliguse kwa moto hata kama mteja anaapa ameliosha.

Kwa sababu hiyohiyo, umri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto chini ya miaka 14, na chini ya 18 inakataza kazi za hatari, hata kwenye maeneo yasiyo rasmi. Karakana yenye grinda na umeme wa kuchomelea huwezi kusema si hatari. Kijana wa miaka 16 mwambie mzee wake asubiri, au ampeleke chuo cha ufundi cha VETA kwanza. Akipoteza kidole kwako, ile heshima ya pale kivulini haitakusaidia.

Sasa makubaliano. Karatasi moja inatosha, imesainiwa na wewe, kijana na mzazi au mlezi, na ikipitia ofisi ya serikali ya mtaa ni bora zaidi, kwa sababu ugomvi ukitokea ndiko mtakakokwenda. Iandikwe muda (miezi 18 kwa kuchomelea ni wa haki), siku za kazi, posho, likizo ya shamba, na nani analipa akiharibu. Kwa hilo la mwisho ushauri wangu ni huu: chuma alichoharibu akijifunza ni cha fundi. Ukianza kumkata posho kwa kila paipu ataanza kuficha makosa, na kosa lililofichwa utaliona likiwa limeshafungwa dirishani kwa mteja.

Ada je? Wapo mafundi wanaotoza ada ya kufundisha na wapo wanaotoa posho. Zote ni sawa, ila usizichanganye. Ukipokea ada, kijana ni mwanafunzi, una deni la kumfundisha na huna haki ya kumshindisha akibeba saruji kwenye nyumba yako. Ukitoa posho, kazi yake ni halali yako. Magomvi mengi yanatoka kwa fundi aliyechukua ada halafu akamtumia kama deiwaka, kibarua wa siku.

Mwezi wa kumi hivi ongeza kitu: malipo kwa kila grili anayoimaliza mwenyewe, juu ya posho. Huu ndio wakati anapoanza kupigiwa simu na mafundi wengine, na wateja wako wanaanza kumwomba namba pembeni. Usimkataze kuwa na simu. Mwambie wazi kwamba mteja aliyeingia kupitia karakana ni wa karakana, na aliyemleta yeye atapata asilimia mnayokubaliana. Akijua kuna njia ya wazi ya kupata hela, ya uchochoroni inapungua.

Kuna mafundi ambao wasipokee kabisa, angalau kwa sasa. Mwenye kazi za kushtukiza, wiki ina kazi na wiki mbili hazina, atamfundisha kijana kukaa. Fundi cherehani mwenye mashine moja atasimamisha kipato chake kila mwanafunzi anapokaa. Atafute kwanza cherehani ya pili, hata chakavu, kijana aanze kwa kushona karatasi yenye mistari bila uzi mpaka sindano ifuate mstari. Fundi umeme mwenye leseni ya EWURA akumbuke leseni ni yake: kijana asitumwe peke yake kufunga nyumba kwa jina lake. Na mwenye hasira za haraka aajiri kibarua anayejua kazi, ni nafuu kwa wote wawili.

Idadi ni mmoja mpaka afike mwezi wa sita, ndipo wa pili. Wawili wakianza pamoja watafundishana makosa.

Tangu mwanzo awe na daftari: tarehe, kazi, vipimo, na picha kwenye simu. VETA huwapima mafundi waliojifunzia mtaani na kuwapa cheti cha ujuzi wao. Cheti kitamfaa siku atakapoomba kazi kwenye miradi kule Mtumba, kwenye mji wa Serikali, ambako "nilikuwa kwa fundi fulani" hakutoshi.

Mwezi wa kumi na nane ukifika asiondoke mikono mitupu. Weka kidogo kidogo tangu mwezi wa sita: grinda ndogo, futi, skwea, nyundo ya kugongea gamba, barakoa. Mashine ya kuchomelea atanunua mwenyewe. Mpaka aipate, mkodishe yako siku za Jumapili, LUKU aweke yeye.