Kujifunza kuchora kazi za CNC kwa video: kazia njia ya biti

Mkuu uliyeuliza kutoka Igoma kama fundi seremala anaweza kujifunza programu za CNC (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta) kwa video za YouTube tu, bila darasa: inawezekana kabisa. Mimi nilijifunza hivyo hivyo, na sasa natoa milango na vichwa vya vitanda hapa Nyakato. Ila chagua vizuri cha kutazama.

Wengi hukimbilia video za maua na simba wa 3D kwa sababu zinapendeza machoni. Kuchora ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni kuiambia mashine biti (kisu kinachozunguka na kukata) ipite wapi, izame kina gani na iende kwa kasi gani. Mbao zinaharibikia hapo, na ndipo wenye video wengi wanapopita mbio. Tafuta mwalimu anayeonyesha kazi moja tangu mchoro hadi ubao unatolewa mezani.

Kuhusu programu, pakua toleo la majaribio la VCarve. Ni la bure. Utachora na kuona kwenye skrini kazi itakavyotokea, ila huwezi kutoa faili ya mchoro wako kwenda kwenye mashine. Kwa kujifunza inatosha, na Vectric, watengenezaji wake, wameweka mafunzo ya mwanzo kabisa. Utakutana pia na video nyingi za ArtCAM, programu nyingine ya kazi hiyohiyo. Kampuni ya Autodesk waliacha kuiuza mwaka 2018, ikaendelea kwa jina la Carveco. Shika moja, usirukeruke.

Kazi ya kwanza iwe kibao cha jina, tuseme cha mgahawa wa sato pale Kirumba. Herufi zinachongwa kwa biti yenye ncha ya umbo la V, na biti hiyo huzama kulingana na upana wa mstari. Mstari wa mm 10 ukichongwa kwa biti ya digrii 90 unazama mm 5. Kwa biti ya digrii 60 mstari huohuo unazama karibu mm 8.7. Kama ubao wako una mm 9, umebakiza karatasi tu chini. Badilisha biti kwenye programu, angalia kina kinavyobadilika, rudia kwa herufi nyembamba na nene. Zoezi hilo moja litakufundisha mengi kuliko wiki nzima ya kutazama simba.

Halafu namba za kasi. Usizinakili kwenye video, maana mwalimu anakata MDF (ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao) au paini na wewe una mninga, au mkongo ambao ni mgumu zaidi. Jifunze kuzikokotoa: mizunguko kwa dakika, mara idadi ya makali ya biti, mara unene wa maranda unaotaka kila kali linyofoe. Mizunguko 18,000 kwa makali 2 kwa mm 0.1 inakupa mm 3,600 kwa dakika. Kwa mbao ngumu punguza kina cha kila mpito. Kisha tazama kinachotoka: ukiona vumbi laini badala ya maranda na unasikia harufu ya kuungua, biti inasugua, haikati. Punguza mizunguko au ongeza mwendo.

Na kuna jambo ambalo kwenye video za Ulaya sijaona likisemwa: umeme kukatika katikati ya kazi. Mashine nyingi za kwetu zikizima zinapoteza mahali zilipokuwa. Kwa hiyo weka sifuri ya X na Y, yaani mahali mashine inapoanzia kupima urefu na upana, kwenye kona ya ubao unayoweza kuirudia, si katikati, na ubao usiufungue mpaka kazi iishe. Umeme ukirudi, unaigusisha biti kwenye kona ileile na kuendelea.

Ukishachora kibao chako, kiweke hapa pamoja na aina ya mbao, biti na kasi uliyokokotoa. Nitakipitia kabla hujakipeleka mashineni.