Msemaji wa kilimo au waziri kivuli?

SWALI: Kikundi chetu cha wakulima wa alizeti hapa Kibaigwa kinaandaa mkutano, na tunamwalika kiongozi wa chama kimoja cha upinzani anayeshughulikia mazingira na kilimo. Katibu ameandika kwenye barua "Msemaji wa Upinzani wa Mazingira na Kilimo". Mwenyekiti anataka iwe "Waziri Kivuli". Lipi sahihi? Na wakiwa wengi, ni mawaziri kivuli au mawaziri vivuli?

JIBU: Katibu yuko karibu na ukweli kuliko mwenyekiti, ila barua yake isitumwe hivyo ilivyo. Isomeni tena taratibu: "upinzani wa mazingira na kilimo". Asiyejua habari atadhani Kibaigwa, mji wenye soko la mahindi linalojulikana nchi nzima, umemwalika mtu anayepinga kilimo!

Tatizo liko kwenye "wa" ya pili. Msemaji huchukua "wa", na upinzani nao huchukua "wa", kwa hiyo msomaji hulikamata neno lililo karibu. Geuzeni mpangilio: "Msemaji wa Mazingira na Kilimo wa Chama Fulani". Hapo ngeli zinawasaidia bila ninyi kutoa jasho. Mazingira hudai "ya", kilimo hudai "cha", basi "wa" ya mwisho haina pa kwenda ila kurudi kwa msemaji. Mkipenda, "Msemaji wa Chama Fulani kuhusu Mazingira na Kilimo" nayo ni safi, ingawa ina harufu ya ofisini.

Mtu anaweza kuuliza: msemaji wa Yanga huisemea Yanga, je, msemaji wa kilimo anakisemea kilimo? Hapana, anasema juu ya kilimo kwa niaba ya chama chake. Kiswahili huziachia maana zote mbili zikae ndani ya -a moja (ile ya wa, ya, cha), na wasikilizaji hawapotei.

Sasa waziri kivuli. Wakati Bunge hapa Dodoma lilipokuwa na Kambi Rasmi ya Upinzani, msimu wa bajeti ulikuwa na utaratibu wake. Waziri alisoma hotuba, ikafuata taarifa ya kamati, kisha upande wa pili akasimama mtu wa kutoa maoni ya kambi yake. Rasmi aliitwa Msemaji Mkuu wa Kambi Rasmi ya Upinzani Bungeni. Cheo kirefu namna hiyo hakiingii kwenye kichwa cha habari, ndiyo maana magazeti yalikipenda zaidi "waziri kivuli". Baada ya uchaguzi wa 2020 upinzani haukufikisha idadi ya wabunge ya kuunda Kambi Rasmi, kwa hiyo hicho kirefu msimpe mgeni wenu hata kwa heshima.

Kivuli lazima kiwe na mwenyewe. Waziri kivuli wa fedha anamfuata waziri wa fedha, basi. Wa mgeni wenu ni nani? Kilimo kina wizara yake, lakini mazingira yamewekwa Ofisi ya Makamu wa Rais, pamoja na masuala ya Muungano. Hakuna waziri mmoja ambaye mtu huyu ni kivuli chake. Ndiyo sababu nasema mwandikeni Msemaji. Isipokuwa chama chenyewe kiwe kimempa cheo cha waziri kivuli, kama ACT Wazalendo walivyounda baraza kivuli lao nje ya Bunge. Hapo mwiteni alivyoitwa kwao. Mwenyeji habadilishi cheo cha mgeni. Na kama ni mbunge, tangulizeni "Mheshimiwa". Kama si mbunge, "Ndugu" inatosha kabisa.

Chama kuyafunga mazingira na kilimo kwenye mzigo mmoja si jambo la kushangaza kwa mtu wa mkoa huu. Mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulioanza 1973 ulikuwa wa hifadhi ya ardhi, lakini Kondoa mwaka 1979 ulifikia hatua ya kuondoa mifugo kwenye maeneo yaliyoliwa na makorongo. Hayo ni mazingira, kilimo au mifugo? Mkulima wa Kondoa hakuwa na haja ya kuyatenga.

Kuhusu wingi, jibu mnalo shambani. Bwana shamba wakiwa wawili ni mabwana shamba, hakuna anayesema mabwana mashamba. Afisa ugani, maafisa ugani. Shamba darasa, mashamba darasa. Nomino ya pili ikieleza aina tu ya ile ya kwanza, hukaa kimya. Ni tofauti na maafisa watendaji, ambapo mtendaji mwenyewe ni mtu na anahesabika. Kwa hiyo ni mawaziri kivuli. "Mawaziri vivuli" utaikuta magazetini, na mimi huikata kwa kalamu nyekundu kila nikipewa nafasi. Kitenzi nacho kimfuate waziri: waziri kivuli amesema, mawaziri kivuli wamesema.