Vikonyo vya maembe kukauka baada ya kubebesha

Ndugu, umeeleza kwamba kati ya miche 20 ya maembe dodo uliyoibebesha (yaani kuiunganishia) vikonyo, vipande vya matawi, vya maembe aina ya Kent, 16 imekauka kabla ya wiki tatu, nami nashuku vikonyo kuliko mkono wako. Siku 7 hadi 10 kabla ya kukata, pogoa majani ya tawi lililokomaa ukiacha vijiti vinavyoshika majani, ili macho (sehemu za kuchipua) yavimbe. Kisha kata kipande cha sentimita 10 hadi 15, chenye unene wa penseli sawa na shina la mche, na ukibebeshe siku hiyohiyo. Mimi nilipoteza miche mingi kwa kisu butu, kwa sababu kilichubua ganda badala ya kulikata. Hakikisha maganda yanakutana walau upande mmoja, funga kwa utepe wa nailoni, funika kwa mfuko mwangavu, na uweke miche kivulini. Mfuko uutoe macho yakichipua, na machipukizi yaliyo chini ya kiungo, yaani mahali ulipounganisha, uyaondoe. Ukiona madoa meusi yakienea kwenye shina, mwite afisa ugani kabla ya kupulizia dawa yoyote.