Kabla hujaandika "huondoa magaga", umepima?

Juzi dada mmoja wa Geita kaniandikia inboksi. Ameanza kutengeneza mafuta ya miguu, yanauzika, sasa anataka achapishe lebo yenye maneno "Huondoa magaga kwa siku saba". Aliniuliza maandishi yawe ya kijani au ya dhahabu. Nikamuuliza hizo siku saba amezitoa wapi. Akajibu: "Wateja wenyewe ndio wanasema, dada."

Mdogo wangu, mteja anayekusifia siyo ushahidi. Shoga yako hataki kukuvunja moyo, na aliyetoa hela yake anataka iwe imefanya kazi. Halafu kuna hali ya hewa, ambayo nitaieleza kwa sababu mimi mwenyewe ilitaka kunipa sifa zisizo zangu.

Mafuta yangu natengenezea Nyegezi, hapa Mwanza. Nilipoanza, mwenye duka mmoja pale Makoroboi alichukua kopo langu, akalinusa, akajipaka kidogo, akasema, "Mafuta mazuri, ila hayana maneno." Rafu yake ilikuwa imejaa maneno: kung'arisha, kutakatisha, kuondoa madoa, kurudisha ujana. Akanirudishia kopo mbele ya wateja wake. Mpaka leo nikipita mtaa ule moyo unaniuma. Nilirudi nyumbani nimeamua kwamba maneno nitayaweka, ila yatakuwa yale tu ambayo mtu akiniuliza nina cha kumwonyesha.

Nikaenda Mwaloni Kirumba kwa akina mama wa dagaa. Nani mwingine ana mikono inayoteseka vile? Maji, chumvi, jua la ziwani na upepo, kutwa nzima. Nilitengeneza krimu mbili, rangi moja, harufu moja, makopo yale yale. Moja ilikuwa na gliserini na siagi ya shea, ya pili haikuwa nazo. Binti wa dada yangu ndiye aliyejaza makopo na kuandika A na B kwa makapeni. Orodha akaiweka kwenye bahasha, akaifunga. Mimi sikujua ipi ni ipi, na wale mama hawakujua. Wengine walipaka A mkono wa kushoto na B wa kulia, wengine kinyume chake, maana mkono wa kulia ndio unaofanya kazi zaidi na ungeweza kuharibu hesabu.

Kupima nilitumia selotepu. Unakata kipande, unakibandika mgongoni mwa kiganja, unakibonyeza kwa kidole gumba, unakibandua taratibu na kukigandisha kwenye karatasi nyeusi. Mkono uliopauka unaacha magamba meupe mengi, unayaona kwa macho kama unga wa muhogo. Mkono uliolainika unaacha ukungu mwembamba tu. Usidhani ni ujanja wa uswahilini. Maabara kubwa hufanya hivyo hivyo kwa vibandiko maalumu, na unyevu wa ngozi huupima kwa kifaa kama Corneometer cha Wajerumani. Mimi kifaa hicho sina. Nina kaunta buku, na kila karatasi nyeusi imebandikwa humo ikiwa na tarehe.

Basi mvua zikaanza. Mikono yote ikawa mizuri, ya A na ya B! Kama ningekuwa nimegawa krimu moja tu, ningejipigia makofi na kuchapisha lebo siku ile ile, kumbe kazi ilifanywa na unyevu wa hewa. Ndiyo maana nasema na nitaendelea kusema: bila cha kulinganisha hujapima kitu. Nilisubiri kiangazi nikarudia upya. Tulipofungua ile bahasha, karatasi za krimu yenye gliserini zilikuwa safi waziwazi kuliko za mwenzake. Kwenye mipasuko ya vidole sikuona tofauti yoyote. Kwa hiyo lebo yangu inasema "Hulainisha mikono iliyopauka", basi. Mipasuko siigusi.

Kuna mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, hii ya kushoto nzuri, ila inateleza, beseni linaniponyoka." Nikapunguza mafuta. Neno kama hilo halitakujia kwenye komenti za "nimeipenda".

Mwezi uliopita nilikaa mbele ya mnunuzi wa hoteli moja ya Capri Point. Alisoma lebo, akauliza, "Hii mmeipimaje?" Nikafungua kaunta buku mezani. Aliangalia zile karatasi nyeusi kwa muda, akamwita mwenzake naye aone. Oda nimepata. Namshukuru Mungu, na sitaona aibu kusema nimeifanyia kazi.

Sasa nyinyi mnaofuata njia hii nisikilizeni. Linganisha. Ficha ipi ni ipi. Andika kila kitu, hata kisichokufurahisha. Picha za kabla na baada zipigwe dirisha lile lile, saa ile ile, bila filta. Na chungeni maneno: ukiandika "inatibu fangasi" umeshatoka kwenye vipodozi, umeingia kwenye dawa, na hayo ni mambo ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Vipodozi tangu 2019 viko TBS, shirika la viwango. Umoja wa Ulaya nao una kanuni Na. 655/2013 inayohusu madai ya vipodozi tu, na kati ya masharti yake sita kuna ukweli na ushahidi. Wenzetu wameandikiana kanuni kwa ajili ya maneno ya kwenye kopo, sisi tunayaokota mtandaoni na kubandika! Linganisha, nasema tena.

Lipo dai moja silikaribii kabisa, nalo ni la kukinga jua. Huku kanda ya ziwa tunaishi na ndugu zetu wenye ualbino, na wengine wamenifuata wakitaka losheni ya jua. Mitandaoni kuna watu wanaapa kwamba mafuta ya mbegu za karoti au ya nazi yanatosha. Namba ya SPF, ile inayoonyesha losheni inakinga jua kiasi gani, haipatikani kwa kukisia wala kwa selotepu. Hupimwa maabara kwa taa maalumu, losheni ikipakwa miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba ya ngozi, kisha inaangaliwa ngozi inahitaji mionzi kiasi gani mpaka iwe nyekundu ikilinganishwa na isiyopakwa. Mtu akiamini namba ya uongo atakaa juani muda mrefu kuliko ambavyo angekaa bila kupaka chochote, na kansa ya ngozi haimsubiri. Anayekuja kwangu namwelekeza kliniki ya ngozi akaulizie Kilisun, ile inayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, na namwambia asisahau kofia pana na mikono mirefu. Hela ya losheni ya jua siitaki.